Mzingile wa kwenye kanda: kipande cha kwanza kinapakia, cha pili kinagoma. Naomba msaada

MamaKibanda_Chikongola (Mtwara), Jumamosi saa 3:40 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Nina kibanda cha gemu hapa Chikongola, mwaka wa sita sasa. TV mbili bapa, TV moja ya chogo, PlayStation mbili za zamani. Watoto wanacheza mpira, mechi moja shilingi 300. Mwezi uliopita nilinunua boksi kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama kule Shangani anarudi kwao Uingereza. Alikuwa anauza kila kitu: pasi, mapazia, kitanda. Ndani ya boksi kulikuwa na Atari 2600, mashine ya gemu ya zamani, ile yenye plastiki ya rangi ya mti kwa mbele, joistiki mbili, na kidude kirefu cheusi kinachoingia pale pa kuchomeka katriji, yaani kiboksi cha gemu. Kidude hicho kina waya wenye jeki ndogo kama ya hedifoni. Na kanda mbili za redio. Nikampa 70,000.

Nilidhani kanda ni za muziki. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kidude kinaitwa Supercharger, kwamba ule waya unachomekwa kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti, ukibonyeza play gemu inaingia kwenye mashine kama sauti. Alinionyesha palepale sebuleni kwake. Nilisikia mlio mkali kama nzi aliyenaswa kwenye kopo, kisha picha ikatokea. Sijawahi kuona kitu kama hicho na nimekaa na gemu miaka yote hii.

Kanda ya kwanza ni Phaser Patrol. Hiyo haina shida, inapakia mara moja unacheza. Ya pili inaitwa Escape from the Mindmaster, imeandikwa 1982, na ndiyo iliyonileta hapa.

Kwa ambao hamjaiona: uko ndani ya mzingile, na unauona kwa macho yako. Hakuna kijitu kwenye skrini cha kumwendesha. Ukuta kulia, ukuta kushoto, korido inakwenda mbele mpaka inapokata. Ukisukuma joistiki mbele unatembea, ukiivuta pembeni unageuka. Mle ndani kuna vipande vya maumbo mbalimbali, na kila kipande kina tundu lake lenye umbo hilohilo, mahali pengine kabisa. Kazi yako ni kuokota na kupeleka panapohusika. Wakati huo kuna kiumbe anazunguka humohumo anakusaka.

Naomba niseme kwa nini nimeipenda, maana watu hapa nyumbani wananiuliza. Mimi nimezaliwa Newala. Bibi alikuwa na shamba la mikorosho, na kila msimu tulikuwa tunaokota. Mikorosho iliyopandwa kwa mistari ukiwa mtoto ni mitihani. Kila mti unafanana na mwenzake, kila njia katikati ya mistari inafanana na nyingine, matawi yameshuka mpaka karibu na ardhi, huoni mbele zaidi ya miti mitatu. Nilipotea humo nikiwa na miaka saba, nikiwa na ndoo ya korosho kichwani, jua linazama. Bibi aliponipata hakunipiga. Alinishika mkono akanirudisha mpaka nilipoanzia, akaniambia: "Ukifika njia panda, simama, geuka nyuma, utazame ulikotoka. Njia ina uso wa kwenda na uso wa kurudi. Wewe umeujua mmoja tu." Tangu siku hiyo nafanya hivyo, hata sokoni Dar.

Sasa hii gemu ni hiyohiyo. Siku ya kwanza niliingia nikakimbilia mbele, nikapotea ndani ya dakika moja. Nikaanza upya, nikawa kila kona nageuka nyuma natazama kabla ya kuendelea. Nikaanza kuupata. Mikono ilikuwa inatetemeka, kweli nawaambia.

Shida yangu ni hii. Gemu haiingii yote kwa mkupuo mmoja. Ukimaliza sehemu ya kwanza, inataka uchezeshe kanda tena ili ipakie inayofuata. Hapo ndipo panaponishinda. Nimejaribu kuiacha kanda iendelee ilipofika, nimejaribu kuirudisha mwanzo kabisa. Mistari ya upakiaji inaanza kisha inakwama. Inabidi nizime, nianze upya, watoto wanaguna. Redio ninayotumia ni kaseti moja ya zamani ya kaka yangu, inatumia umeme. TV ni ile ya chogo. Picha nzuri, ila sauti ya gemu haitoki, TV inatoa shhhhh tu.

Na kuna swali la pili, si langu. Kijana mmoja wa darasa la sita, anakuja kila jioni hata asipokuwa na hela anakaa kutazama, ameniuliza: "Mama, hii mashine inajuaje niko wapi?" Nimesoma mahali kwamba Atari hii ina kumbukumbu ya baiti 128. Nikashindwa kumjibu. Nisingependa kumjibu uongo. Mwenye kujua anisaidie yote mawili.

---

FundiKanda_Ndoro (Lindi), Jumamosi saa 4:25 usiku

Waalaikum salaam dada, na pole na kazi. Mimi ni fundi redio Lindi mjini, nimeanza na redio za betri kubwa mwaka 1988, mpaka leo meza yangu ina kaseti tatu zinazosubiri belti. Sijawahi kushika Supercharger kwa mkono wangu ila kanda ni kanda, na gemu za kanda nilizifahamu tangu ujana.

Tuanze na sauti ya TV maana ni rahisi. Mashine imetoka Uingereza, na wao sauti ya TV waliiweka kwenye mfumo I. TV yako iko kwenye B/G. Picha inafanana ndiyo maana unaiona, lakini sauti iko mbali kidogo na pale TV inapoitafuta. Chukua rimoti, tafuta kitufe cha SYS, au ingia kwenye menyu ya kutafuta stesheni, badilisha kutoka B/G kwenda I. Shhhh itakatika.

Sasa kanda. Nikuulize: kipande cha kwanza kikishapakia, unasimamisha redio saa hiyohiyo? Au inaendelea kuzunguka watoto wakianza kucheza? Nina wasiwasi hapo. Vipande vimefuatana kwenye kanda moja. Ukiiacha izunguke, cha pili kinapita bila mtu wa kukipokea, halafu ukija kubonyeza play uko katikati yake au umeshakivuka. Simamisha mara tu picha ya gemu inapotokea. Usirudishe mwanzo. Kila kipande kina namba yake na Supercharger inasubiri namba inayoitaka, kwa hiyo ukirudisha mwanzo utasubiri tu kipande cha kwanza kipite chote, na kanda ya zaidi ya miaka 40 hupendi ipite kwenye hedi mara nyingi.

Lakini umesema hata ukirudisha mwanzo inakwama. Basi kuna la pili, na hilo ni usomaji. Hewa yetu ya pwani si rafiki wa kanda. Fungua mlango wa kaseti uangalie hedi, kile kichuma kinachong'aa. Kikiwa na rangi ya kahawia, hiyo ni unga wa kanda. Pamba na spiriti, futa hedi, futa na ile roli ya mpira inayovuta kanda, acha ikauke. Angalia kanda yenyewe kupitia kidirisha chake: ukiona ukungu mweupe pembeni ya mzunguko, niambie kabla hujaicheza tena. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, mara moja tu, ilegee. Kanda iliyokaa miaka bila kuguswa hujishika yenyewe, inavutwa kwa mikupuo, na mikupuo ndiyo adui. Kwenye taarabu hutaisikia. Mashine inayohesabu urefu wa kila wimbi inaisikia.

Belti pia. Kama redio ni ya miaka mingi, belti imelegea, na ikilegea mwendo unashuka. Zima besi, zima kila kitu cha kunogesha sauti. Sauti iweke katikati, ikishindikana panda kidogo kidogo. Usianze na mwisho.

Ukifika mahali bado inakataa, kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Usiiguse mwenyewe. Inanyoosha hedi ikae sawa na kanda, na ni ya kuzungushwa robo ya robo huku unasikiliza. Mlio ukiwa mkali kama wembe, iko sawa. Ukiwa umeziba kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, imepinda.

Adapta pia angalia, dada. Atari hii inataka volti 9 DC, na jeki yake ya umeme inafanana na ya hedifoni. Watoto wasije wakachomeka waya wa Supercharger kwenye tundu la umeme au kinyume chake. Zibandikie rangi.

Umenikumbusha mbali. Huku kwetu nje ya mji ndiko Tendaguru, walikochimbwa wale mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913, wakapelekwa Berlin. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliona gemu moja ya mzingile kama hiyo yako, kwenye kompyuta ndogo ya ZX81, inaitwa 3D Monster Maze, aliitengeneza Malcolm Evans. Unatembea kwenye korido nyeusi na nyeupe na anayekusaka ni mjusi mla nyama, T. rex. Nayo ilikuwa ya kanda. Kabla hajatokea, yanakuja maandishi ya kukuambia kwamba anakuwinda, halafu kwamba amekuona. Nilipata homa kwa ajili ya maandishi tu. Yule wa Tendaguru anayesimama Berlin alikula majani, huyo nisingemkimbia.

---

MamaKibanda_Chikongola, Jumamosi saa 4:50 usiku

Kaka fundi Mungu akupe umri. SYS imekubali! Nimeamka nikaijaribu sasa hivi, sauti ipo.

Na kweli sikuwa nasimamisha redio. Iko chini ya meza, nabonyeza play naiacha. Kumbe nilikuwa naipitisha. Hedi ni kahawia kama kahawa. Ukungu siuoni. Kesho natafuta spiriti, na Jumatatu belti kwa mafundi wa hapa sokoni.

---

Mmasasi, Jumapili saa 1:10 asubuhi

Dada nakuheshimu ila nakuuliza kwa nia njema. Nami nina kibanda, Masasi. Umeme tunanunua, kodi ya fremu ipo, mtoto anayetazama halipi. Mpira unaingiza. Hii ya kukaa mpaka kanda ipakie, nani atalipa kusubiri? Na kama ni lazima, Stella ipo, ni programu ya bure, unaweka kwenye kompyuta, gemu za Atari zinacheza bila kanda, bila belti, bila spiriti. Kwa nini ujitese?

---

MamaKibanda_Chikongola, Jumapili saa 2:30 asubuhi

Swali lako ni la haki, kaka.

Mpira ndio unaonilisha, sitauondoa. Hii nimeiweka kwenye TV ya chogo ambayo ilikuwa imekaa bure tangu nilipopata hizi bapa, na naiwasha saa 11 jioni mpaka saa 12 tu. Hela yake ni ndogo, sikufichi.

Ila naona kitu. Kwenye mpira, watoto wanaoshinda ni walewale, wenye vidole vyepesi. Kwenye mzingile kuna binti mmoja, mtoto wa muuza samaki, ambaye kwenye mpira kila siku anafungwa na wanamcheka. Alipokaa kwenye joistiki alitulia. Hakuharakisha. Alifika mbali kuliko kaka yake, akaweka vipande viwili mahali pake, na wale wavulana wakawa wanamwuliza "sasa kulia au kushoto?" Sijawahi kuona wakimwuliza kitu.

Kuhusu Stella nimekusikia na nitaiweka kwenye laptop siku nikipata, ili kanda ipumzike. Lakini ule mlio wa kupakia wanaupenda. Wanakaa kimya wote wanasikiliza. Kibanda changu hakijawahi kuwa kimya.

---

BitiZaKusini (mzaliwa wa Mtwara, nipo Dar), Jumapili saa 7:15 mchana

Shikamoo mama. Mtwara kuchele!

Ninaandika programu kwa kazi, na swali la huyo kijana ni zuri mno kuachwa. Mwambie hivi.

Kwanza aelewe 128 ni ndogo kiasi gani. Meseji moja ya kawaida ya simu, ile ya herufi 160, inachukua baiti 140. Kwa hiyo kumbukumbu yote ya Atari 2600 haitoshi meseji moja ya "mama nimefika salama" iliyojaa. Mashine ilitoka mwaka 1977 na ilitengenezwa kwa gemu za mipira na vifaru viwili. Supercharger ndiyo iliyobadilisha mambo: inaongeza kilobaiti 6, yaani baiti 6,144, mara 48 ya ile ya mwanzo. Kampuni ya Starpath, ya California, iliamua kutumia kanda kwa sababu kanda ni bei rahisi kuliko chipu za katriji. Na kwa kuwa kumbukumbu hiyo inaandikika upya, gemu inaweza kufuta korido ulizomaliza na kuleta mpya kutoka kwenye kanda. Ndiyo sababu ya kubonyeza play tena. Katriji ya kawaida ikiisha imeisha, lakini kanda inaweza kuwa na dunia kubwa kuliko mashine yenyewe. Ubaya wake, ukizima umeme, vyote vilivyopakiwa vimepotea.

Sasa "inajuaje niko wapi". Mwambie achukue daftari la hesabu la vijumba. Achore mzingile wa vijumba 16 kwa 16. Kijumba cheusi ni ukuta, cheupe ni njia. Kijumba kimoja kwa kompyuta ni biti moja tu, ndiyo au hapana. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo vijumba 256 ni baiti 32. Umeona? Mzingile mzima ni robo ya ile kumbukumbu ndogo. Huo ni mfano wangu wa daftari, sisemi ndivyo walivyopanga wao, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Wewe mchezaji ni namba tatu: uko mstari wa ngapi, safu ya ngapi, na umetazama upande gani kati ya minne. Basi. Mashine haina picha ya mzingile popote. Kila unapopiga hatua inauliza: kijumba cha mbele ni cheusi? Kushoto kwake? Kulia kwake? Kinachofuata? Ikikuta cheusi inaacha kuuliza, inachora ukuta umefunga. Macho yako ndiyo yanayojenga korido.

Na hapa pana kitu ninachokipenda kuliko vyote. Atari hii haina mahali pa kuhifadhi picha ya skrini. Inachora mstari mmoja mmoja wakati mwale wa TV unapita, na kichakataji kina hatua 76 tu kwa kila mstari. Kwa kuta na mandhari, chipu ya picha ina biti 20, za nusu ya kushoto ya skrini. Nusu ya kulia inarudiwa, au inapinduliwa kama kwenye kioo. Sasa tazama korido: ukuta wa kushoto na wa kulia ni kioo cha mwenzake! Korido iliyonyooka ndiyo picha ambayo mashine hii inaipenda. Shida inaanza pale kunapokuwa na mlango kushoto tu. Hapo programu lazima ibadilishe zile biti katikati ya mstari, mwale ukiwa umeshafika nusu ya skrini, na isichelewe. Kila uchochoro wa upande mmoja anaouona kijana wako, kuna mtu alikaa akahesabu hatua ili uweze kutokea.

Aliyeandika gemu hiyo ni Dennis Caswell. Miaka miwili baadaye, 1984, akatoa gemu ya Impossible Mission kwa kompyuta ya Commodore 64, ambayo ni maarufu zaidi. Lakini mimi namheshimu kwa hii.

Kama kijana atapenda, kuna nyingine ya Atari hiyohiyo, Tunnel Runner ya CBS, 1983. Hiyo ni katriji, wameongeza ndani yake baiti 256 za kumbukumbu. Unatafuta ufunguo na mlango huku viumbe wenye midomo mikubwa, Zot, wanakufukuza. Ile ina ramani unayoweza kuifungua. Nadhani ramani inapunguza utamu.

---

MwalimuMstaafu_Mikindani, Jumapili saa 12:05 jioni

Binti yangu, nimesoma yote na nimefurahi.

Watoto wako watakuja kukuambia kanuni ya kushika ukuta: weka mkono wa kushoto ukutani, usiuachie, utatoka tu. Wajukuu zangu wanaijua. Ni kweli ikiwa kuta zote zimeungana na ukuta wa nje. Ukiwapo ukuta unaojitegemea katikati, kama kisiwa, mtu aliyeanza kuushika huo atauzunguka mpaka kesho. Na kwenye gemu yako hamtafuti mlango tu, mnatafuta vitu vilivyo ndani na kuna anayewafuata. Kanuni ya mkono itawapitisha kila pembe, wakati mwingine pembe ambayo yule kiumbe amesimama. Waache waijaribu, wataiona kasoro yake wenyewe.

Kuhusu ramani sikubaliani na kijana wa Dar. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani kuona Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya mia moja. Kuta nyingi zimebaki fupi, mtoto anasimama anaona vyumba vyote vilivyopangwa, hiki kimefungua kile, ua ule pale, bahari chini. Nikawaambia wakae chini wachuchumae mpaka kuta ziwafunike. Ghafla hawakuona chochote zaidi ya mlango unaofuata. Wakasimama, wakachuchumaa, wakasimama tena. Walicheka sana, lakini walipochora jumba lile daftarini kesho yake walilichora vizuri kuliko kundi lolote nililofundisha.

Kwa hiyo ramani usiwape. Waiche wenyewe, sakafuni, huku mmoja akiwa ndani ya skrini.

---

MwalimuMstaafu_Mikindani, Jumapili saa 12:07 jioni

Nilikusudia "waichore wenyewe". Macho.

---

MamaKibanda_Chikongola, Ijumaa saa 3:15 usiku

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

Jumapili nilisafisha hedi, pamba tatu zilitoka nyeusi. Nikaipeleka kanda mbele na nyuma kama fundi alivyosema. Kipande cha pili kikagoma bado, ila safari hii mistari ilisogea mbali zaidi. Jumatatu nikaenda sokoni, fundi wa hapa akanionyesha belti, ilikuwa imenyooka kama ulimi. 4,000 na kazi. Jumatatu jioni nikapakia cha kwanza, nikasimamisha redio palepale mkono ukiwa juu ya kitufe. Wakacheza. Binti wa muuza samaki akamaliza. Nikabonyeza play.

Kimya. Watoto kumi na moja. Mlio ukaingia, na nilijua hata kabla ya picha maana ulikuwa mkali kama wembe, kaka fundi, neno lako lilikuwa masikioni mwangu. Picha ikatokea. Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila jirani wa saluni alikuja mbio.

Jumanne kilikataa mara mbili, kikakubali mara ya tatu nilipopandisha sauti kidogo. Jana nimerekodi kanda yote kwenye simu ya kijana wangu yenye tundu la hedifoni, kwa programu inayorekodi bila kubana sauti, kupitia waya aliotuma FundiKanda kwa basi kutoka Lindi. Hakuniambia kama anatuma. Kondakta alinipigia simu tu, "mama una mzigo stendi". Sasa tunapakia kutoka kwenye simu, tumeiweka kwenye hali ya ndege ili meseji isije ikaingia katikati, na kanda asili iko kwenye kopo la maziwa lenye mchele mkavu chini.

Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Msimu umeanza na korosho zipo kila nyumba, nikaweka bakuli la korosho ghafi, nikawakataza kuzibanja maana mafuta ya ganda yanaunguza. Mmoja anakaa kwenye joistiki, wengine sakafuni. Kila hatua ni korosho moja kwenye mchanga. Yule kijana wa darasa la sita akagundua jambo ambalo sikulifikiria: korosho imepinda, ina mgongo na tumbo. Kwa hiyo kwenye kona anailaza tumbo likitazama upande wanaogeukia. Ukirudi njia ileile unazisoma kinyume. Nilipoona hivyo nilimwambia habari ya bibi na mikorosho ya Newala, akanisikiliza, kisha akauliza kama bibi bado yuko hai. Nikamwambia hapana. Akasema, "Angeweza kucheza hii."

Habari ya vijumba 16 kwa 16 nimempa kwenye daftari, mwanangu BitiZaKusini. Alihesabu baiti 32 mara tatu akidhani amekosea. Sasa anaandika mzingile wake, mweusi na mweupe, na ameandika namba tatu pembeni: mstari, safu, upande. Ameniuliza kama upande unaweza kuwa namba, nikamwambia aanze na moja kaskazini. Kama nimekosea unirekebishe kabla hajafika mbali.

Kwenye kipande cha pili tumekwama. Kuna umbo moja limebaki mkononi na tundu lake hatujalipata, na kiumbe ametukamata kwenye uchochoro uleule mara nne. Korosho zimebaki sakafuni, nimezifunika na beseni ili mfagiaji asizitoe. Kesho saa 11 tunaanzia kona ya saba.